Mkaguzi wa Leseni

Ballina, saa tatu asubuhi, manyunyu.
Bi Dympna Gaughan ananiapia kizingitini
hana televisheni, hajapata kuwa nayo,
na nyuma ya bega lake mtu ameshinda friji,
umati mzima unapiga makofi.
"Hiyo redio," anasema.
Redio inayomwaga mwanga wa buluu ukutani.
Naandika: *hakuwepo nyumbani.*
Miaka kumi na tisa katika kazi hii,
najua uongo mwingine ni adabu tu.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Mimi ndiye ninayetumwa kumwambia: lipa kwanza.

Fergal, muuza nyama wa Crossmolina, hafichi kitu.
"Nilipie nini? Wapishi?
Kila nikiwasha kuna mtu anakaanga kitunguu
na kumlilia marehemu bibi yake.
Watangazaji wenu wanakunja kwa mwezi
nisichokipata kwa kondoo mia.
Na matangazo ya biashara juu!
Nimelipa kiingilio, nikiingia nauziwa sabuni."
Majibu ninayo, yamechapwa kwenye kijikaratasi:
habari, watoto, lugha yetu, mpira.
Ila alikuwa na kisu mkononi,
na nusu ya maneno yake
niliyasema mwenyewe Ijumaa, baa, bilauri ya tatu.

Binti mmoja, Bláthnaid, alinionyesha simu.
"Seti sina. Natazama humu."
Sheria yetu inakijua kisanduku, kiganja haikijui.
Nikamtakia siku njema. Alikuwa amesharudi humo.

Mwisho wa barabara, ng'ambo ya Belmullet,
pale upepo unapowafundisha watu kuinama,
anakaa mzee Tadhg Ó Maoilchiaráin.
Huyu hadaiwi. Leseni zake zote zimebanwa chini ya saa ya mezani,
mwaka juu ya mwaka, kama stakabadhi za mahari.
Nilikwenda kwa sababu jina lake lilikosewa kwenye orodha,
na kwa sababu ya chai.
"Kwa hiyo unavipenda vipindi vyetu," nikasema.
"Takataka," akasema. "Vingi."

Akakoroga chai isiyo na sukari.

Usiku mmoja wa Januari, usingizi umemkataa,
walirusha picha za zamani, nyeusi na nyeupe:
mnada wa farasi, matope, wanaume wenye kofia.
Msichana akakatiza mbele ya kamera, kitambaa kichwani,
akicheka kitu kilichokuwa nje ya picha.
Nóirín. Miaka ishirini, hawajajuana bado.
Sekunde nne, pengine tano.
"Ninazo picha zake. Hakuna anayocheka.
Enzi zile ukipigwa picha unakaza uso
kama umesimama kizimbani."
Aliwaandikia. Wakamjibu kwa heshima, karatasi nzuri:
kipindi kitarudiwa, tarehe haijapangwa.
"Basi nalipa, nangoja.
Natazama vyote, usije ukanipita.
Hata wapishi."

Akanitazama kana kwamba nilijua
yule msichana alikuwa akicheka nini.

Kwenye fomu yangu hakuna kisanduku cha jambo hilo.
Fergal yuko sahihi kuhusu mishahara, sabuni na vitunguu,
na sikumwambia mzee kwamba angeweza kuomba nakala,
kwamba kuna ofisi, kuna namba ya simu.
Nilikuwa nayo mfukoni.
Mpaka leo sijui kama nilimnyima au nilimwachia.

Nyumbani Gráinne amekwisha washa.
Vijana nusu uchi kisiwani, wanachaguana kama maembe,
na mimi nacheka, sikufichi, nacheka hadi naweka kijiko chini.
Kisha habari: waziri, kipaza sauti, mvua ya Dublin.
Simsikilizi. Nimesogea hadi kwenye kioo,
natazama wanaopita nyuma yake,
mwanamke mwenye mwavuli uliopinduka,
anayegeuka, anayetaka kucheka.

"Toka hapo," anasema Gráinne.
"Mgongo wako hauonyeshi kitu."